Nani Atege Sikio? Don Corleone na Hoja ya Kumung'unya Maneno



Mwigizaji wa filamu husamehewa mengi. Husamehewa uzito wa mwili, uso usiolingana na umri wa mhusika, hata machozi yasiyotoka kwa wakati. Lakini watazamaji hawamsamehi upesi mwigizaji anayesema wasimsikie. Lawama hiyo imemwandama Marlon Brando tangu miaka ya 1950, ikamfikia Benicio del Toro mwaka 1995, Brad Pitt mwaka 2000 na Tom Hardy mwaka 2012. Wote wanne walicheza wahusika wenye lafudhi ya ajabu, maneno yakitafunwa kabla hayajatoka kinywani, na wote wanne waliulizwa swali lile lile: kwa nini husemi kama watu wengine? Nakusudia kuwatetea watatu kati yao, na kueleza kwa nini wa nne simtetei. Kipimo changu ni kimoja. Ndani ya hadithi yenyewe, nani analazimika kutega sikio? Wahusika wenzake wakihangaika kumsikia, basi kumung'unya kwake ni tukio katika hadithi, na lina kazi kama kisu au barua. Lakini tukihangaika sisi peke yetu tuliokata tiketi, huku kila mtu ndani ya picha anaelewa bila shida, hapo tumebebeshwa mzigo usio wetu.

Nianze na Brando, kwa sababu kwake ushahidi ni mwingi. Mwaka 1971 kampuni ya Paramount ilikuwa haimtaki kabisa katika The Godfather. Filamu zake za karibuni zilikuwa hazijauza, na sifa ya ukorofi ilikuwa imemtangulia. Mwongozaji Francis Ford Coppola alikwenda nyumbani kwake na kamera kupiga picha za majaribio. Brando, aliyekuwa na miaka 47 hivi, akajipaka rangi ya viatu kichwani, akajaza mashavu yake pamba (wengine husimulia kwamba ni karatasi laini) na mbele ya kamera akazeeka. Kwenye upigaji wenyewe pamba ilibadilishwa kwa kifaa maalumu cha kuvaa kwenye meno, ambacho leo kimehifadhiwa katika Museum of the Moving Image jijini New York. Kwa hiyo sauti ile tunayoijua, iliyokwaruza na kubanwa, yenye pumzi nyingi kuliko maneno, ilianzia kwenye kizuizi halisi kinywani. Lakini kizuizi ni nyenzo tu, na waigizaji wengi wamejaza mashavu bila kupata mhusika. Tunachopaswa kuuliza ni kwa nini mhusika huyu alihitaji sauti ya namna hiyo.

Jibu moja linapatikana katika historia ya Marekani yenyewe. Mwaka 1951 kamati ya Bunge la Seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver ilichunguza uhalifu wa magenge, na vikao vyake vikarushwa kwenye televisheni. Shahidi aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa Frank Costello wa New York. Alikataa uso wake uonyeshwe, kwa hiyo kamera zikaelekezwa kwenye mikono yake. Mamilioni ya Wamarekani walikaa sebuleni wakitazama vidole vinavyosuguana na kusikiliza sauti nzito iliyokwaruza ya mtu wasiyemwona. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Brando alisikiliza kanda za Costello alipokuwa akitafuta sauti ya Don Vito Corleone, bosi wa genge anayemcheza. Hata kama angekuwa hajazisikiliza, wengi wa watazamaji wake wa mwaka 1972 walikuwa wameisikia sauti ile. Masikioni mwao bosi wa genge alikuwa tayari ana sauti yake, sauti ya mtu anayetoa ushahidi huku akijitahidi asitoe chochote.

Sasa tuitazame filamu yenyewe. Inaanza katika ofisi yenye giza, siku ya harusi, na mtengeneza maiti aitwaye Bonasera anaeleza dhuluma aliyotendewa binti yake. Anasema kwa kirefu na kwa ufasaha. Akiulizwa anataka nini hasa, anainuka na kumnong'oneza Don sikioni, na sisi hatusikii neno. Filamu inatuficha ombi zito kuliko yote, na tunalijua kutokana na jibu tu. Kisha anayejibu hapandishi sauti. Chumba kizima kinamsubiri, mwanawe Sonny amesimama, wakili Tom Hagen yupo pale pale, na Bonasera ndiye anayeinama. Mpigapicha Gordon Willis aliweka taa juu ya vichwa vya watu, hivi kwamba macho ya Brando yanazama kivulini. Wakubwa wa studio walilalamika kwamba hawayaoni. Sauti na taa zinafanya kazi moja. Mwenye nguvu hajitoi kwa mtu, na anayemhitaji ndiye anayemfuata katika giza lake na katika mnong'ono wake.

Halafu aje Luca Brasi. Huyu ni jitu, muuaji anayeogopwa na wauaji wenziwe, na amekaa nje akikariri maneno machache ya shukrani. Anapoingia ofisini, yanamkwama. Mwigizaji wake, Lenny Montana, alikuwa mwanamieleka wa zamani, naye kweli alishikwa na hofu mbele ya Brando akayavuruga maneno. Coppola akaona faida, akapiga picha ya ziada ya Luca akifanya mazoezi. Ndani ya dakika chache tumeoneshwa watu wawili wasiosema sawasawa. Mmoja anababaika kwa sababu lazima asikike, na mwingine ananong'ona kwa sababu halazimiki. Aliyeona vitendo hivi viwili vikifuatana hawezi kusema kwamba kumung'unya kwa Brando ni ulegevu wa ulimi. Filamu imeshatufundisha tofauti.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Sonny. Muuza dawa za kulevya, Sollozzo, anapokuja kuomba mtaji na ulinzi, Don anakataa kwa upole. Sonny, mwenye sauti safi inayosikika hadi pembe ya chumba, anaropoka swali linaloonyesha kwamba yeye amevutiwa na biashara ile. Baba anamkatiza, na baadaye anamkaripia kwa kumwonyesha mtu wa nje anachowaza. Madhara yameshatokea. Sollozzo ameelewa kwamba baba akiondoka, mwana atakubali, na kwa hesabu hiyo Don anapigwa risasi barabarani akinunua machungwa. Katika nyumba hii neno lililosikika vizuri ndilo linaloua. Ufasaha, ambao sisi tumeuheshimu shuleni na jukwaani, hapa ni udhaifu wa usalama.

Biashara ya genge nayo ina mantiki yake. Amri inayosikika na watu watatu ina mashahidi watatu. Katika sehemu ya pili ya filamu, ya mwaka 1974, tunaoneshwa kamati ya Seneti iliyochongwa kwa mfano wa ile ya Kefauver. Askari wa genge, Willi Cicci, anaulizwa kama alipokea amri ya kuua moja kwa moja kutoka kwa Michael Corleone, mwana na mrithi wa Don. Hawezi kusema hivyo, kwani kati ya bosi na mtekelezaji daima walikuwepo watu wa kupokezana. Don wa kwanza hakuhitaji kueleza utaratibu huo. Ulikuwa umo kooni mwake. Mtu akimsikia nusu, nusu nyingine ameijaza mwenyewe, na aliyeijaza mwenyewe hana cha kumwapia mtu mahakamani.

Najua kuna pingamizi linalosubiri hapa, na lina nguvu. Inajulikana kwamba Brando hakukariri maneno yake. Aliandikiwa kwenye kadi zilizobandikwa nyuma ya vitu vya jukwaani, na ipo picha maarufu ya Robert Duvall, mwigizaji wa Tom Hagen, akiwa amebeba maneno ya mwenzake kifuani. Je, si rahisi zaidi kusema kwamba mzee huyu alimung'unya kwa sababu alikuwa anasoma? Ningekubali, kama sauti ile ingeyumba popote kadi zilipo. Lakini haiyumbi kwa mpangilio huo. Katika mkutano wa wakuu wa familia tano za magenge, Don, aliyenusurika zile risasi, anatoa hotuba ndefu, anaapa kuacha kisasi, na anaonya kwamba mwanawe Michael akipatwa hata na radi, atawahesabia lawama baadhi ya waliomo chumbani. Sauti ni ile ile, ya mkwaruzo na ya chini, na kila neno linafika. Linafika kwa sababu mara hii anataka wasikie, tena wote kwa pamoja. Anayeweza kufungua mlango anapotaka hawezi kudaiwa kwamba mlango wake umeharibika.

Pia hakuna aliyekuwa na haki ya kudhani kwamba Brando hawezi kusema vinginevyo. Mwaka 1953, akichoshwa na jina la mwigizaji wa kumung'unya, alicheza nafasi ya Mark Antony katika Julius Caesar ya mwongozaji Joseph Mankiewicz, pamoja na John Gielgud, mmoja wa mabingwa wa matamshi wa jukwaa la Uingereza. Tunaoijua hotuba ya Antonio juu ya maiti kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere tunajua ugumu wake: msemaji lazima ageuze umati mzima kwa maneno matupu, huku akijidai si msemaji hodari. Brando aliitoa wazi, kwa nguvu, silabi kwa silabi, na akateuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Miaka 19 baadaye mtu huyo huyo akachagua kunong'ona. Antonio hana cheo pale uwanjani. Ana umati anaopaswa kuuteka, kwa hiyo anapaza. Corleone ameshawateka watu kabla filamu haijaanza.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa tamthilia, nao wana mila ndefu nyuma yao. Wanasema wajibu wa kwanza wa mwigizaji ni kumfikia aliyeketi safu ya mwisho. Ni kweli ukumbini. Na hata sinema, ilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibeba sheria hiyo, kwa sababu maikrofoni za awali zilikuwa nzito, zimefichwa mahali pamoja, na mwigizaji alilazimika kuzisemea. Hollywood ikafundisha Kiingereza cha kati, si cha London wala cha Texas, ambacho hakuna aliyezaliwa nacho. Tunasahau kwamba lafudhi hiyo nayo ilikuwa ya ajabu, ilizoeleka tu. Lakini maikrofoni ilipojifunza kumfuata mtu na kumkaribia, sheria ya safu ya mwisho ilipoteza msingi wake. Kamera iliyo umbali wa mkono kutoka usoni haiwezi kumwomba mtu apaze sauti bila kumgeuza mwongo. Wafuasi wa Actors Studio, kituo kilichoanzishwa New York mwaka 1947, waliliona hilo mapema, ingawa wengine wao waligeuza kumung'unya kuwa fasheni. Fasheni hiyo siitetei.

Sasa nikikipeleka mbele kile kipimo cha nani atege sikio, Brad Pitt katika Snatch ya Guy Ritchie anakithibitisha kwa namna ya kuchekesha. Anacheza Mickey O'Neil, bondia wa mikono mitupu kutoka jamii ya Wasafiri wa Ireland, na anasema kwa kasi na kwa lafudhi ambayo hata mtu wa London haielewi. Inasimuliwa kwamba Pitt alishindwa kuishika lafudhi ya London, ndipo Ritchie akampa nafasi hii. Kama ni hivyo, ni kushindwa kulikozaa matunda. Mapromota wa ndondi wanapokwenda kupatana naye bei ya pambano, Mickey anawamwagia masharti kuhusu nyumba ya magurudumu anayotaka kumnunulia mama yake, nao wanageukiana kuulizana kama kuna aliyeambulia kitu. Wanadhani wao ndio wajanja na yeye ndiye mshamba. Filamu nzima ni safari ya kuwaonyesha kinyume. Mickey anaelewa kila wanachosema, wao hawaelewi anachosema yeye, na mwenye faida hiyo ndiye anayeshinda. Jambazi Brick Top anamwamuru aanguke raundi ya nne. Raundi ya nne inafika, anayeanguka ni mpinzani wake, na usiku huo huo jamaa zake Mickey wanawamaliza watu wa Brick Top. Asubuhi uwanja walipopiga kambi ni mtupu.

Hapo linakuja pingamizi zito kuliko yote, na siwezi kulijibu kikamilifu. Wasafiri ni watu halisi. Wamebaguliwa Ireland na Uingereza kwa vizazi, na Jamhuri ya Ireland iliwatambua kuwa kabila rasmi mwaka 2017 tu. Kuchukua lafudhi yao na kuifanya kelele ya kuchekesha ni kuendeleza dharau ya zamani, kwamba hawa si watu wa kuongea nao. Wamarekani wenye asili ya Italia walikuwa na malalamiko ya aina hiyo kwa The Godfather. Chama chao kilichoongozwa na Joe Colombo, mtu ambaye mwenyewe alikuwa bosi wa genge, kilimbana mtayarishaji Al Ruddy hadi neno Mafia likaondolewa kwenye mswada. Sauti ya Brando haikuguswa, na kwa kweli si lafudhi ya Sisilia ya mahali popote. Kwa mujibu wa hadithi Vito aliingia New York mwaka 1901 akiwa mtoto wa miaka tisa, na mtoto wa umri huo hujifunza kusema kama majirani. Sauti yake ni ya cheo, si ya kabila, na kwa hiyo inajinasua. Snatch haijinasui kirahisi hivyo. Utetezi pekee ninaoukubali ni kwamba mzaha wake unawarudia wasikilizaji wavivu. Anayecheka kwa sababu Mickey haeleweki anajikuta, mwishoni, katika kundi moja na waliolaghaiwa. Kwa Msafiri aliyetukanwa maisha yake yote, nadhani utetezi huo ni mwembamba.

Del Toro nimtaje kwa haraka. Katika The Usual Suspects anacheza Fenster, mwizi ambaye kazi yake pekee katika hadithi, kama mwigizaji mwenyewe alivyoeleza, ni kufa. Akaona maneno yake hayana uzito, akayaharibu yote. Askari wanaomhoji hawamwelewi, na kwenye gwaride la utambulisho wanamtaka arudie kwa Kiingereza. Kipimo kinamwachia apite. Tena katika filamu hiyo anayesimulia kila kitu kwa ulimi laini, bila kukwama, ndiye mwongo.

Bane, basi. Katika The Dark Knight Rises Tom Hardy amevaa barakoa inayofunika pua na kinywa, na amempa mhusika lafudhi ya kupanda na kushuka ambayo alisema aliichota kwa Bartley Gorman, bondia wa mikono mitupu wa jamii ya Wasafiri. Uigizaji wenyewe una akili: mwili wa kifaru, sauti ya mwalimu mzee. Desemba 2011, dakika chache za mwanzo zilipooneshwa kwenye kumbi za IMAX miezi saba kabla ya filamu kutoka, malalamiko yalizagaa kwamba maneno hayasikiki. Filamu ilipotoka Julai 2012 sauti ya Bane ilikuwa imekaa juu ya kila sauti nyingine, kana kwamba haitoki chumba alichomo. Lakini tatizo langu si kiwango cha sauti. Itazame filamu na utafute mtu mmoja anayemwuliza Bane amesema nini. Hayupo. Anahutubia uwanja uliojaa, anasoma barua ya siri mbele ya gereza, anafundisha nadharia ya mapinduzi, na mji mzima wa Gotham unamwelewa papo hapo. Mhusika ni hatibu, kazi yake yote inategemea kusikika, na kizuizi kilichomo kinywani mwake hakimgusi mtu yeyote isipokuwa mtazamaji. Wapo wanaomtupia lawama fundi wa sauti, na mwongozaji wa filamu, Christopher Nolan, kweli ana tabia ya kuyazamisha maneno, kwani filamu zake Interstellar na Tenet zilinung'unikiwa vivyo hivyo. Hata hivyo fundi bora kuliko wote angetufikishia maneno tu. Asingeweza kuipa hadithi sababu ya maneno hayo kujificha.

Mtu anaweza kuniuliza: na anayemung'unya kwa unyonge je, si kwa mamlaka? Heath Ledger katika Brokeback Mountain, mwaka 2005, anamcheza Ennis del Mar, mchunga mifugo wa Wyoming, kama mtu aliyeshonwa taya. Hana wa kumtisha. Utotoni baba yake alimpeleka kuona maiti ya mwanamume aliyeuawa kwa sababu ya kuishi na mwanamume mwenzake, na tangu hapo meno yake hayajaachana vizuri. Kipimo hakidai mamlaka, kinadai wasikilizaji. Na wapo: mkewe Alma, anayesubiri neno lisilokuja, na mpenzi wake Jack, anayesafiri maili nyingi kila mwaka kuja kupokea nusu sentensi. Tunapokosa maneno ya Ennis tunakosa walichokikosa wao.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Filamu kama hizi mara nyingi zimetufikia Afrika Mashariki kwa njia mbili: maandishi chini ya picha, au sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama DJ Afro wa Kenya au marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, anayesema juu ya sauti za waigizaji. Nawaheshimu wasimulizi hawa. Wameijenga sanaa yao kwa mikono yao. Lakini kazi yao ni kufafanua, na mhusika anayemung'unya ndiye wa kwanza kupotea katika ufafanuzi. Maandishi nayo yana hatari hiyo hiyo. Snatch ilipotolewa kwenye DVD iliwekewa chaguo la maandishi ya maneno ya Mickey peke yake. Mtazamaji akiliwasha, anawazidi maarifa mapromota waliosimama mbele ya Mickey, na lile pigo la mwisho linamkuta ameshajiandaa. Mfasiri anayekutana na mhusika wa aina hii ana uamuzi mgumu: aandike alichosema mhusika, au aandike walichosikia wenzake? Kwa Bane ningemwambia aandike kila neno, tena kwa herufi kubwa. Kwa Mickey ningemwomba aandike maneno mawili matatu yaliyoshikika, na sehemu iliyobaki aiache wazi.